Kabla fundi hajachimba msingi, ijengeni kwanza kwa boksi

WAZAZI wenye kijana anayesomea usanifu majengo wanaijua hali hii. Maboksi ya televisheni na ya viatu hayatupwi tena, yanarundikwa chini ya kitanda. Meza ya kulia chakula imejaa vipande vya karatasi ngumu, na anayetaka kufagia asubuhi anaambiwa asubiri kwanza, kwa sababu kile anachokiona ni takataka ndiyo ngazi za kwenda ghorofa ya pili. Kijana mwenyewe ana macho mekundu. Ukimuuliza alikuwa anafanya nini usiku kucha, jibu ni neno moja tu: modeli.

Modeli ni jengo dogo linalotengenezwa ili kuonesha jengo kubwa litakavyokuwa. Nikiwa mwaka wa tatu, na nikiwa nakaa nyumbani Dar es Salaam na mama, bibi na wadogo zangu wawili, nimetengeneza nyingi kiasi kwamba majirani wananiita injinia, ingawa injinia ni mtu mwingine kabisa. Katika makala haya nataka kueleza jinsi kazi hii inavyoboreshwa, maana nimekuwa nikiifanyia mazoezi kwa makusudi tangu mwaka jana. Nataka pia kueleza kwa nini familia yoyote inayojenga, hata kama haina mwanafunzi wa usanifu ndani, ina haja ya kujua jambo hili.

Tuanze na skeli, maana hapo ndipo wengi hupotea.

Ukisikia skeli ya 1:50, maana yake sentimita moja kwenye modeli ni sentimita 50 kwenye nyumba halisi. Sentimita mbili ni mita moja. Mtu mzima wa mita 1.7 anakuwa na sentimita 3.4, urefu wa kifundo na nusu cha kidole gumba. Kwenye 1:100 anakuwa nusu ya hapo, na kwenye 1:200 hafiki hata sentimita moja. Hesabu ni nyepesi, lakini macho hayaihesabu. Macho yanataka kuona kitu kinachofanana na kitu.

Mfano mzuri ni paa. Kuna ujanja ambao wanafunzi wa mwaka wa kwanza hurithishana: chukua boksi la kawaida, lowanisha, bandua karatasi ya juu, na ndani utakuta mawimbi yanayofanana sawasawa na bati. Linapendeza na kila mtu hulisifia. Lakini pima. Kutoka wimbi moja la boksi hadi jingine ni milimita nane hivi. Kwenye 1:50 hiyo ni sentimita 40. Bati la kweli lina mawimbi ya sentimita saba au nane tu, kwa hiyo bati lile la boksi lingekuwa na mifereji ambayo mtoto mchanga angeweza kulala ndani yake. Nyumba nzima inaonekana kibanda, na anayeitazama hajui kwa nini. Boksi lile linafaa kwenye 1:10, ukitaka kuonesha kona ya paa peke yake. Kwenye 1:50 chukua karatasi ngumu isiyo na mawimbi, uipige mistari myembamba kwa ncha ya kalamu iliyokauka wino, basi. Jicho la mtazamaji litamalizia lenyewe.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalofanya siku hizi, kabla hata ya kukata ukuta, ni kukata watu. Nawakata wanne au watano kwenye karatasi ya manila na kuwasimamisha mezani. Kila kipande kinachokuja baada ya hapo kinapimwa kwa watu hao: mlango usiwafike kichwani, dirisha wasilichungulie kwa kuruka, ngazi isiwe kama ya kupandia mnazi.

Shule ya Keko

Anayejua Dar es Salaam anajua kwamba ukitaka kitanda, kabati au sofa, unakwenda Keko. Mjomba wangu ni seremala huko. Likizo iliyopita nilikwenda kumuomba vipande vya plaiwudi vya kutengenezea kitako cha modeli, nikakaa wiki tatu.

Mjomba hajasoma usanifu, na alipoona kazi zangu hakuziita nzuri wala mbaya. Alichukua kisu changu, akaikagua ncha, akauliza, “Huu wembe una siku ngapi?”

Tangu hapo somo likawa ni hilo. Wembe butu haukati karatasi ngumu, unaisukuma, na ukingo unabaki na manyoya. Vile visu vya plastiki vinavyouzwa madukani vina wembe wenye mistari, na mistari ile imewekwa ili uvunje ncha iliyochoka na kutumia mpya. Ukivunja, ile ncha ya zamani itumbukize kwenye chupa ya soda yenye kifuniko. Nyumba yenye watoto haiachwi na ncha hizo kwenye ndoo ya taka.

Jambo la pili ni kutokata kwa mkupuo mmoja. Mkono mmoja unakandamiza rula ya chuma, vidole vikiwa mbali na ukingo. Mkono mwingine unapita na kisu polepole bila nguvu, mara ya kwanza kuchora njia tu, mara ya pili na ya tatu kuzama, hadi kipande kiachie chenyewe. Ukitumia nguvu, kisu kinalala upande na ukuta unatoka na ukingo wa mshazari. Hauonekani ukiwa mezani, ila ukisimamisha kuta nne pembe hazikutani.

Tatu, na hili ndilo lililonishangaza, mafundi wazuri wa Keko hawapimi sana. Mjomba akitengeneza kabati lenye milango minne hasomi futikamba mara nne. Anachukua kijiti kimoja, anakitia alama za vipimo vyote kwa ncha ya kisu, halafu anahamisha alama zile kutoka kwenye kijiti kwenda kwenye mbao. Kijiti hakisomi vibaya. Penseli ina unene, na mtu akichoka anaweza kusoma 34 akaandika 43. Kwenye modeli yenye madirisha 18 yanayolingana, kijiti kimoja cha mishikaki chenye alama tatu kinaokoa usiku mzima.

Lipo na suala la unene wa ukuta, ambalo kwenye kompyuta halikusumbui kwa sababu mashine inalibeba. Kwenye boksi unalibeba mwenyewe. Ukuta wa tofali la inchi sita ukishapigwa plasta pande zote unafika kama sentimita 18, ambazo kwenye 1:50 ni milimita 3.6. Ukitumia kadibodi ya milimita tatu uko karibu. Ukitumia foamu bodi ya milimita tano, umejenga ukuta wa sentimita 25, na vyumba vimeliwa bila mtu kujua. Kwenye kona, ukuta mmoja lazima upungue kwa unene wa mwenzake, la sivyo nyumba inarefuka kila unapogeuka.

Gundi nayo ina tabia zake, hasa kwetu pwani ambako hewa yenyewe ina maji. Gundi nyeupe ya mbao ni maji kwa sehemu kubwa. Ukiipaka upande mmoja wa karatasi, asubuhi utakuta sakafu imejikunja kama chapati. Dawa yake ni kupaka kidogo, kupaka pande zote mbili pale inapobidi, na kulaza kazi chini ya vitabu vizito usiku kucha. Gundi ya viatu inaunguza foamu nyeupe na kuitoboa. Supaglu inaacha ukungu mweupe kwenye plastiki unayoifanya kioo. Mambo haya huwezi kuyasoma ukayamaliza. Ni afadhali kujaribu kwenye kipande cha kutupa kabla ya kugusa kazi yenyewe.

Modeli nzuri na modeli inayosaidia

Usafi wa mkono ni nusu tu ya jambo. Nusu nyingine ni kujua modeli ni ya nini.

Mwaka 1673 msanifu Christopher Wren wa Uingereza alianza kutengenezewa modeli ya kanisa kuu la St Paul's alilotaka kulijenga London. Ilikamilika mwaka uliofuata. Ilikuwa ya mbao ya mwaloni, yenye urefu wa zaidi ya mita sita, na gharama yake ilikaribia bei ya nyumba nzuri ya mjini. Ipo hadi leo ndani ya kanisa hilo. Lakini jengo lile halikujengwa. Viongozi wa kanisa waliukataa mchoro, na kumbukumbu zilizoandikwa na familia yake zinasema Wren aliamua asitengeneze tena modeli za kuonesha watu. Kazi nzuri kuliko zote za wakati wake haikutosha kumshawishi mwenye kujenga.

Sasa mtazame Antoni Gaudí wa Hispania. Alipokuwa akibuni kanisa la Colònia Güell karibu na Barcelona, alitengeneza modeli isiyo na ukuta hata mmoja. Zilikuwa kamba zinazoning'inia kutoka juu, zikiwa na vifuko vidogo vya risasi vilivyowakilisha uzito wa jengo. Kamba inayoning'inia inajitafutia umbo lake yenyewe. Haiwezi kufanya lingine, kwa sababu inavutwa tu. Umbo lilelile ukiligeuza juu chini linakuwa tao linalobanwa tu, na mawe na matofali yanapenda kubanwa, hayapendi kuvutwa. Kwa hiyo Gaudí alipiga picha modeli ile, akaigeuza, na mbele yake kukawa na kanisa. Kanisa lenyewe halikumalizika, sehemu ya chini tu ndiyo iliyojengwa, lakini watu bado wanasafiri kwenda kuliona. Unaweza kufanya jaribio hilo leo na watoto: shika mkufu kwa ncha mbili mbele ya ukuta, piga picha kwa simu, halafu igeuze.

Modeli ya Wren ilitoa jibu. Ya Gaudí ilikuwa inauliza. Sisemi ya kwanza haina kazi; siku ya kuwasilisha mbele ya wahadhiri kila mwanafunzi anataka ya aina hiyo. Ila zinazonifundisha ni za aina ya pili, na hizo huwa mbaya kwa sura: maboksi ya sabuni, pini, mistari ya penseli, ukuta uliokatwa na kurudishwa mara tatu.

Hata majengo yetu yanafundisha hivyo. Soko la Kariakoo, kazi ya msanifu wetu Beda Amuli ya miaka ya 1970, lina paa la zege lililosimama kama miavuli. Nililipita miaka yote nikilitazama bila kulielewa. Nilipokunja mwavuli mmoja kwa karatasi ya manila na kumwagia maji kwa kijiko, nikaona mvua inavyokimbilia katikati. Ilinichukua jioni moja, na karatasi ile iliharibika palepale.

Korido ya sentimita tisini

Mama ana kiwanja Chanika. Amekilipia kwa miaka mingi kwa fedha za biashara yake ya vitenge, na mwaka jana alipata ramani ya nyumba ya vyumba vinne kutoka kwa fundi anayeaminika mtaani. Ramani ilikuwa imechorwa vizuri, yenye vipimo vyote. Mama aliikunja na kuiweka kwenye begi, akawa anaionesha kwa kila mgeni. Wote walisema inapendeza. Nami ningeweza kusema hivyo.

Nikamuomba wiki moja niijenge kwanza kwa boksi, kwa skeli ya 1:50. Nyumba ile yote ilienea kwenye eneo dogo kuliko ukurasa wa gazeti. Kuta sikuzibandika kwa gundi, nilizichoma kwa pini kwenye foamu nyeupe ya kufungashia friji, ili ziweze kuhama. Paa nililiacha lifunuke kama kawa.

Halafu nikakata samani, na hapo ndipo familia iliposogea mezani. Kitanda cha sita kwa sita kinakuwa mraba wa sentimita 3.7. Kabati la nguo lina kina cha sentimita 1.2. Mdogo wangu wa darasa la nne alikabidhiwa kupanga vyumba. Kwenye chumba cha mita tatu kwa tatu aliweka kitanda, akaweka kabati mkabala, akabaki ameshika mlango mkononi. “Haufunguki,” alisema. Hesabu ipo wazi: kitanda mita 1.83, kabati 0.6, inabaki njia ya sentimita 57, na mlango wenyewe ni wa 90. Hesabu hiyo ilikuwepo kwenye ramani tangu mwanzo, lakini hakuna mtu aliyekuwa ameilaza kitanda.

Bibi anaishi nasi. Alivunjika nyonga miaka miwili iliyopita, na sasa anatembea akishikwa mkono, hasa usiku anapokwenda msalani. Chumba chake kwenye ramani kilikuwa mwisho wa korido, na korido ilikuwa ya sentimita tisini. Mama akachukua wale watu wa manila, kila mmoja ana upana wa sentimita moja mabegani, akawapanga wawili sambamba mlangoni mwa korido yenye sentimita 1.8. Hawakuingia. Akawasukuma mmoja mbele, mwingine nyuma. Wakaingia. Akawatazama kwa muda, akasema, “Huyu wa nyuma ndiye anayeanguka.”

Hakuna aliyeongeza neno. Korido ikawa ya mita 1.2 jioni ileile, kwa kuhamisha pini sita na kupunguza sebule.

Siku ya pili saa kumi jioni niliitoa modeli uani, nikaielekeza kama nyumba itakavyokaa kiwanjani, kwa dira ya simu. Kivuli hakijali ukubwa. Jua linaloingia kwenye dirisha la sentimita tatu litaingia vilevile kwenye dirisha la mita moja na nusu. Kwetu Dar es Salaam jua la saa sita mchana linapita karibu na utosi, mwezi Desemba likiegemea kusini kidogo na mwezi Juni likiegemea kaskazini zaidi, na upenu mzuri wa paa unaweza kulizuia pande hizo zote mbili. Linaloshinda upenu ni la jioni, linalokuja chini kutoka magharibi. Na dirisha la bibi lilikuwa magharibi. Mwanga uliingia moja kwa moja hadi kwenye ule mraba wa sentimita 3.7. Mtu anayelala mchana kwa sababu usiku haupati usingizi angekuwa anaokwa kila siku.

Mama naye alikuwa na swali lake, ambalo nisingeweza kulifikiria. Nilimwonesha namna ya kuingia ndani ya modeli kwa simu: igeuze simu juu chini ili lenzi iwe karibu na sakafu, kwenye kimo cha sentimita tatu hivi, ambacho ni kimo cha macho ya mtu, halafu ipitishe mlangoni. Akatembea jikoni kwake kwa mara ya kwanza. Akafika kwenye sinki, akasimama. “Nikiwa naosha vyombo hapa, namuona nani?” Ukuta. Watoto wangekuwa wanacheza upande wa pili, getini, na yeye angekuwa anatazama ukuta kwa miaka 30.

Fundi alipokuja Jumapili, nilikuwa na wasiwasi kidogo. Ramani ilikuwa yake, na mimi ni mtoto kwake. Nilimwamkia, nikamkaribisha kiti, nikaiacha modeli izungumze. Aliinua paa, akachungulia, akacheka alipomwona bibi wa manila kitandani. Kisha akahamisha pini mwenyewe. Mimi nilikuwa nimekisogeza chumba cha bibi mashariki na kuweka choo na stoo upande wa magharibi ili vichukue lile joto. Fundi akaonesha kwa kidole lilipo shimo la maji taka kwenye kiwanja, na bomba litakavyozunguka nyumba nzima likitafuta mteremko. Tukashauriana hadi saa mbili usiku. Stoo na jiko vikaenda magharibi, jiko likapata baraza la kulikinga jua na dirisha linalotazama geti, choo kikabaki upande wa shimo, na chumba cha bibi kikasimama jirani na choo, hatua nne tu.

Hiyo ndiyo modeli mbaya kwa sura kuliko zote nilizowahi kutengeneza. Ina matundu ya pini kila mahali na doa la chai juu ya sebule. Chuoni nilipata alama nzuri kwa kazi nyingine kabisa, nyeupe, safi, yenye miti ya sponji. Ila ikitokea nyumba inaungua na nina mkono mmoja, najua nitabeba ipi.

Wenye daladala

Lipo jambo dogo ambalo vitabu haviandiki. Modeli ikishakamilika lazima ifike chuoni, na kwa walio wengi inafika kwa daladala au kwa mwendokasi. Saa moja asubuhi, watu wamesimama hadi mlangoni, nawe una mnara wa karatasi mikononi. Kondakta mmoja aliniambia nilipe nauli ya watu wawili. Mwingine alinipa kiti cha mbele na kuwaonya abiria, “Angalieni, ghorofa hilo!”

Safari hiyo imeniongoza kuliko kitabu chochote. Kitako hakizidi sentimita 40 kwa 60, maana ndivyo mapaja yanavyobeba. Paa na ghorofa vinatenganishwa na kubebwa kwenye boksi lenye vipande vya godoro pembeni. Miti inabandikwa chuoni, si nyumbani. Gundi kidogo na kisu vinakaa kwenye begi, kwa sababu kuna ukuta utakaolegea kati ya Buguruni na Ubungo, na afadhali uujue mapema.

Kuhusu mashine za kukatia kwa leza, swali ninaloulizwa na kila anayeona video mtandaoni: ni nzuri, zinakata madirisha mia kwa dakika chache, na ukingo unabaki na rangi ya kahawia ya kuungua ambayo wengine wanaipenda. Mwenye uwezo azitumie kwa kazi ya kuwasilisha. Lakini mashine inakata kile ulichokwisha kukiamua. Saa ile unayokata ukuta kwa mkono, polepole, mara tatu kwenye mstari mmoja, ndiyo saa unayojiuliza kama ukuta huo ulipaswa kuwepo.

Mzazi mwenye kijana wa fani hii anaweza kusaidia kwa fedha kidogo. Rula ya chuma ya sentimita 30, nyembe za kutosha, kibao cha kukatia au hata kipande cha sakafu ya plastiki kuukuu, na taa yenye mwanga mzuri. Taa kwanza, kwa sababu ya macho. Muombe akueleze kazi yake huku ukiishika na kuigeuza. Maswali ya mtu asiyejua fani ndiyo yanayouma na kujenga. Na kabla ya kufagia, uliza.

Chanika msingi umeshajazwa kifusi, jamvi linasubiri mwezi ujao. Kwa sasa natengeneza kenchi za paa kwa skeli ya 1:20, kwa vijiti vya mishikaki. Fundi ameomba aione kabla hajakwenda kununua mbao, na mdogo wangu ameshauliza ni vijiti vingapi vitabaki.